Mazoea ya Rama

Walimu wetu wana istilahi yao, maarifa ya awali: yale anayokuja nayo mwanafunzi kabla mwalimu hajashika chaki. Kwa hesabu za sehemu na desimali inatosha. Ipeleke Delhi, India, kwenye darasa la Ramayana, utenzi wa kale wa Wahindu kuhusu shujaa Rama, uone inavyopwaya.

Mwanafunzi wa kule hakuja na maarifa. Kaja na Rama. Kamsikia kwa bibi, kamwona kwenye maigizo ya Ramlila msimu wa sikukuu ya Dussehra, kamsoma katika vitabu vya picha vya Amar Chitra Katha, vilivyoanza kutoka 1967. Wazazi wake walimtazama Jumapili asubuhi katika tamthilia ya Ramanand Sagar, iliyoanza kurushwa 1987, na wapo waliowasha ubani mbele ya televisheni. Mshairi na mtaalamu A. K. Ramanujan alisema kwamba India hakuna anayeisoma Ramayana kwa mara ya kwanza. Hayo mimi nayaita mazoea. Maarifa hutafutwa, mazoea humwingia mtu bila kubisha hodi.

Nayo ni makaidi. Mwulize mwanafunzi huyo kama Lakshmana, mdogo wake Rama, alichora mstari wa kumkinga Sita, mke wa Rama, ataapa kwamba alichora: Sita akauvuka, jitu Ravana likamnyakua. Lakini katika Ramayana ya Kisanskriti ya Valmiki mstari huo haumo. Umeletwa na wasimulizi wa baadaye. Mwalimu akitamka “haumo”, anadhani amesahihisha jambo la kitabuni. Mwanafunzi amesikia bibi yake akiitwa mwongo.

Neno kisasili nalo lina mtego. Kwa wanafasihi wetu halina ubaya, ni masimulizi ya miungu na chanzo cha mambo. Wahindu, hata hivyo, huziita Ramayana na Mahabharata itihasa, yaani “hivi ndivyo ilivyokuwa”, na neno hilohilo katika Kihindi cha leo ndilo jina la somo la historia. Insha ya Ramanujan kuhusu wingi wa Ramayana ilikuwa ikifundishwa Chuo Kikuu cha Delhi katika somo hilohilo la historia. Mwaka 2008 wanaharakati wa wanafunzi walivamia idara na kufanya uharibifu kwa sababu yake, na 2011 chuo kikaiondoa kwenye mtaala. Kuiondoa, kwa maoni yangu, kulikuwa woga. Lakini anayedhani ugomvi ulihusu fasihi tu hajalisikia neno itihasa.

Na sisi? Mhindi kwetu ni mtu wa India, wa dini yoyote. Mhindu tulimwita Baniani, jina la wafanyabiashara wa Gujarat, kwa kuwa tulimjua dukani kabla hatujamjua hekaluni. Kwa hiyo mwanafunzi wa Dar es Salaam akifunguliwa Ramayana, aghalabu anakuja na bei za vitambaa na nyimbo za filamu. Lakshmana atakutana naye ukurasani, na mstari usipokuwamo hatausaka.