Wahakiki wa Kibandani

Filamu ya kwanza niliyoiangalia mpaka mwisho niliiangalia Mang'ula, kwenye kibanda cha mabati, nikiwa nimekaa chini kwa sababu mabenchi yalikuwa ya wakubwa. Nje jenereta ilinguruma. Ndani alinguruma Lufufu, mfasiri wa filamu. Steringi wa Kimarekani akifungua mdomo, kilichotoka kilikuwa Kiswahili cha mtaani. Lufufu hakutafsiri tu. Picha likizubaa alilisema, na steringi akifanya ujinga alimsema pia.

Watazamaji nao hawakukaa kimya. Mzee mmoja, aliyewahi kuwa kibarua wakati TAZARA inajengwa, hakuwahi kukubaliana na risasi zisizoisha. "Hiyo bunduki wameijaza saa ngapi?" Tulicheka, lakini hapo ndipo nilipojua kwamba filamu inaweza kuulizwa maswali.

Nilimkumbuka mzee huyo nikiwa shahada ya uzamili, niliposoma kuhusu mradi wa sinema ulioendeshwa Vugiri, milima ya Usambara, kati ya 1935 na 1937. L. A. Notcutt na G. C. Latham walitengeneza filamu zipatazo 35, kwa fedha za Carnegie Corporation ya Marekani. Walizizungusha kwa lori Tanganyika na makoloni ya jirani. Filamu moja ilihusu safura, nyingine faida za kuweka akiba posta. Sauti ilikuwa kwenye santuri, mbali na mkanda wa picha, ili lugha ibadilike kufuatana na mahali. Yaani miongo mingi kabla ya Lufufu, tayari kulikuwa na mtu anayetuzungumzia juu ya picha.

Waliandika pia jinsi watazamaji walivyopokea filamu, na mwaka 1937 wakatoa kitabu. Swali lao kubwa lilikuwa kama Mwafrika ameelewa. Kitengo cha Filamu cha Makoloni, kilichoanzishwa London mwaka 1939, kiliendeleza fikra hiyohiyo: William Sellers alisisitiza picha za polepole, zisizo na mikato mingi, kwa ajili ya watazamaji aliowaona kuwa hawajazoea sinema. Mtazamaji alikuwa mwanafunzi anayesahihishwa.

Kibandani kwetu mtazamaji alikuwa hakimu. Tofauti ni kwamba mkoloni aliandika, sisi tuliongea. Mzee wa bunduki amefariki, na hakuna aliyeandika hata swali lake moja.

Nami sina haki ya kumlaumu mtu. Niliwahi kuandika uhakiki mkali wa filamu moja ya Bongo. Mhariri akaniuliza kama nina ugomvi na mwongozaji. Nikaulainisha mpaka ukawa tangazo. Na "Vuta N'Kuvute" ya Amil Shivji ilipooneshwa Toronto mwaka 2021, filamu ya Kiswahili iliyotokana na riwaya ya Kiswahili ya Shafi Adam Shafi, uhakiki wa kwanza nilioupata ulikuwa wa Kiingereza.

Likizo iliyopita, kijana mmoja wa Mang'ula alinionesha filamu yake ya dakika kumi na nane. Ameipiga kwa simu na kuihariri kwa simu. Inahusu mama anayelima miwa na mtoto anayetaka kuuza shamba. Alipoirusha mtandaoni, watu walimwandikia "unyama sana" na kumwekea vialama vya moto.

"Kaka, wewe umesoma," akaniambia. "Niambie palipokuchosha."

Nikamwambia mwisho umekimbizwa: mama analia, picha inakatwa, mama anacheka. Akanyamaza. Kisha akaeleza kwamba mwenye nyumba alitaka chumba chake saa kumi jioni, na machozi ya mama huyo yalikuwa bado hayajakauka. Nikaelewa kwamba nilikuwa nahakiki saa kumi jioni, si kipaji chake. Lakini kasoro ilikuwa pale pale, na yeye aliijua kabla yangu. "Ndiyo maana nimekuuliza wewe," akasema. "Wengine wananipenda."

Anataka kurudia tukio lile la mwisho, kisha aioneshe filamu usiku karibu na stesheni, kwenye shuka jeupe, kiangazi kikifika. Nimemwahidi kwenda. Nitakaa nyuma na daftari, niandike watakachosema watu kwa maneno yao wenyewe, hata yale yatakayomuuma. Hata yale yatakayoniumbua mimi.