Simile, Huo Wangu!

Karibu kila mpira umepata jina la Kiswahili. Tuna mpira wa miguu, wa pete, wa kikapu, wa mikono, wa meza. Wavu umechukuliwa na wale sita kwa sita, na badminton imejaaliwa vinyoya vyake. Tenisi imebaki tenisi. Na hilo jina hata Waingereza hawakulizaa: wachimbaji wa asili ya maneno wengi wanasema ni tenez ya Kifaransa, yaani "haya, shika!", ukelele wa mchezaji anapoanzisha mpira. Kwangu mimi "haya, shika!" inaizidi "sevu" kwa mbali.

Hapa Unguja sababu ya uhaba huo wa maneno ya tenisi haiko mbali. Toka Malindi, shika njia ya Darajani, nenda moja kwa moja mpaka Mnazi Mmoja. Miaka ya 1920 pale palikuwa na viwanja vya tenisi na gofu, vya wanachama wa klabu ya Waingereza. Mpira wa miguu haukuwa na mlango. Uliingia vichochoroni, na watoto wa mjini wakaupa maneno yao wenyewe: chenga, danadana, tobo, kanzu. Lahaja ya mji huu ndiyo iliyochaguliwa mwaka 1928, kwenye mkutano wa Mombasa, kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Kwa tenisi, hata hivyo, tumeazima kila kitu.

Sioni haja ya kungoja kikao. Anayefundisha tenisi ya wawili wawili achote kwa jirani. Mpira unaopita katikati ya wenza, kila mmoja akimtazama mwenzake, ni tobo. Ule unaopaishwa juu ya kichwa cha aliyesimama wavuni ukadondoka nyuma yake ni kanzu. Mwambie kijana wa Malindi "utavishwa kanzu" uone kama hatarudi nyuma hatua mbili.

Ila neno linalonikaa zaidi si la uwanjani. Ni mazoezi. Limetoka kwenye kuzoea, na lina ndugu yake, mazoea. Wametengana silabi ya mwisho tu. Watu wawili wanasimama kila mmoja mstari wake wa nyuma, wanapigiana mpira wa katikati saa nzima, wanarudi nyumbani wamelowa jasho na wamefurahi. Hayo ni mazoea. Wameuzoea mpira ambao kwenye mchezo wa wanne ni zawadi, maana pale wavuni pana mtu anaungojea. Wahenga walisema mazoea yana taabu, japo sidhani walikuwa na raketi akilini.

Mazoezi yana shabaha. Kiwanja kina urefu wa mita 23.77. Upana wa mmoja kwa mmoja ni mita 8.23, na wa wawili wawili ni 10.97, maana yake kila ubavu umeongezewa ujia wa mita 1.37. Mkiwa wawili tu mnaweza kujinoa kwa mchezo wa wanne: chezeni mshazari. Nusu moja ya kiwanja, kona kwa kona, na ujia wake; mpira ukiangukia nusu nyingine umetoka. Tegeni kifuu cha nazi hatua moja kutoka kila kona. Anayeanzisha aufuate mpira wake mpaka wavuni, na anayepokea aurudishe chini, miguuni mwa huyo anayekuja. Pointi kumi na moja, kisha hamieni mshazari wa pili. Mtachoka haraka kuliko mlivyodhani.

Kazi ya wavuni neno lake liko jikoni: kudokoa. Mpira unamwendea mwenzako, wewe unaupitia njiani, kama mtoto na nyama ya chunguni mama akigeuka. Hapa kila kitu ni kuvizia. Toka pale raketi ya mpinzani inapoanza kuja mbele. Ukitangulia, atakuona na kuupitisha kwenye ujia uliouacha wazi; ukichelewa, utaambulia upepo. Tena ukate kuuelekea wavu, usitembee sambamba nao. Naye mwenzako wa nyuma papo hapo ahamie upande uliouacha. Kwa hiyo anadokoa mmoja, lakini wanaopishana ni wawili, na sarufi yetu imeshalitengenezea hilo kiambishi: kupishana, kuachiana, kupokezana, kuitana. Siku moja ya mazoezi ikitengewa kitenzi kimoja tu katika hivyo, inatosha.

Kinachosumbua ni kuitana. Julai 2022, Wimbledon, Angella Okutoyi wa Kenya na mwenzake Mholanzi, Rose Marie Nijkamp, walishinda fainali ya wasichana wawili wawili dhidi ya Wakanada Kayla Cross na Victoria Mboko. Walipoteza seti ya kwanza 3-6, wakachukua ya pili 6-4, na ya kuamulia ikaisha 11-9. Seti hiyo ya kuamulia ni mbio za pointi kumi kwa tofauti ya mbili, kwa hiyo walipita 9-9. Kwenye 9-9 hakuna mwenye tobo la kugawa, na tobo huja wenza wasipoitana.

Sasa sikiliza sisi tunavyoitana: "Wangu!" "Wako!" Yote yanaanza na wa, na kwa upepo wa bandarini, silabi ya pili inapofika sikioni mpira umeshapita. Mahamali wa mji huu walikuwa na neno bora la kupitisha mzigo kwenye njia nyembamba: "Simile!" Nipishe. Halifanani na jingine lolote uwanjani, na halijadiliwi.

Liingizeni mazoezini hivi. Wenza wasimame bega kwa bega, mtu wa tatu awarushie mipira ya katikati bila kusema inamwendea nani. Ambaye kiganja chake kinaelekea katikati ndiye wa kupiga, naye apige simile kabla mpira haujavuka wavu kuja kwao. Ukisharudi upande wa pili, kimya, maana kanuni haziruhusu kumsumbua mpinzani kwa makelele. Mkiwa na mwenza wa mkono wa kushoto, viganja vyote viwili vinaweza kuangalia katikati. Hapo kubalianeni mapema nani atapisha.