Msimu wa Kwanza wa Washington Justice katika Ligi ya Overwatch, 2019

Mwaka 2019 Ligi ya Overwatch, mchezo wa kompyuta uliokuwa ukikutanisha wachezaji 6 kwa 6, ilipanuka kutoka timu 12 hadi 20. Miongoni mwa timu 8 mpya ilikuwamo Washington Justice ya mmiliki Mark Ein. Ilibeba jina la mji mkuu wa Marekani, lakini sehemu kubwa ya mechi zake ilichezwa Burbank, California, mbali kabisa na mashabiki wake. Ilimaliza kwa ushindi 8 na vipigo 20.

Ni rahisi kudai kwamba ugeni ndio uliowaponza. Dai hilo halisimami: Vancouver Titans, wageni wa msimu huohuo, walishinda mechi 25 kati ya 28 na kufika fainali. Titans walisajili kikosi cha RunAway cha Korea Kusini, ambacho tayari kilikuwa kimezoeana. Justice walianza kuzoeana ligini. Na mtindo uliotawala wakati huo, wakinga 3 na waganga 3 wakisonga kama mtu mmoja, haukumsamehe asiyemzoea mwenzake. Tena uliwanyima kazi walenga shabaha.

Katika awamu ya nne kanuni zilibadilika: kila timu ililazimika kupanga wakinga 2, washambuliaji 2 na waganga 2. Hapo Corey Nigra akapata uwanja wa kurusha mishale ya Hanzo, na ushindi mwingi wa Justice ukapatikana katika majuma hayo ya mwisho. Kwa hesabu ya mchujo, iliyotaka timu 12 za juu, walikuwa wamekwisha kuchelewa.