Risasi Isiyo na Risasi: Maneno ya Bunduki ya Wenzo na Historia Yake

Mfasiri wa maandishi ya uwindaji hukutana mapema na neno moja lenye kazi tatu. Risasi ni madini. Risasi ni kile kirukacho kutoka mtutuni. Na risasi ni kitu kizima kitiwacho katika bunduki, pamoja na ganda lake, baruti yake na fataki yake. Katika mazungumzo ya barazani jambo hili halimdhuru mtu. Lakini katika maelekezo ya mtu ajazaye risasi zake kwa mkono laweza kumpofusha. Na tangu mwaka 2021, Kiswahili kilipofanywa kuwa lugha ya sheria katika Tanzania, hata sheria ya mwaka 2015 ya udhibiti wa silaha imo katika maandishi yanayotakiwa kusomeka kwa Kiswahili kisicho na utata. Kwa hiyo twaona inafaa kuyaangalia maneno haya kwa kufuata historia ya silaha moja, yaani bunduki ya wenzo yenye mtutu mpana, ambayo uteuzi wa risasi zake nzito umejaza vitabu vingi huko Marekani.

Kwanza tuseme kwamba wahenga wetu hawakuwa maskini wa maneno. Neno bunduki lenyewe limetoka katika Kiarabu, ambako bunduq ni aina ya kokwa iliwayo. Baadaye likawa jina la vidonge vilivyorushwa kwa upinde, na mwishowe likahamia kwenye silaha ya moto. Watu wa pwani yetu walifanya vivyo hivyo bila kuambiwa na mtu. Kamusi za zamani zaonyesha kwamba risasi ya duara iliitwa popoo, yaani tunda la mpopoo litafunwalo pamoja na tambuu. Aliyekuwa na gobori alimimina baruti, akatia popoo, akashindilia kwa mdeki. Ilipokuja risasi iliyofungwa pamoja na baruti yake, ikaitwa kiasi cha bunduki, kwa sababu ilikuwa imekwisha kupimwa. Ni jina zuri, na tunasikitika kwamba halitufai tena: leo mtu akisoma “kiasi cha risasi” atafahamu idadi tu.

Mwaka 1873 jeshi la Marekani lilichagua bunduki ya Springfield iliyojazwa risasi moja moja. Jina la risasi yake lilikuwa hesabu tupu: 45-70-405. Namba ya kwanza ni upana wa mtutu katika sehemu za mia za inchi. Ya pili ni uzito wa baruti nyeusi. Ya tatu ni uzito wa popoo. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 jeshi likaongeza uzito wa popoo hadi 500, kwa kuwa popoo zito hupoteza mwendo polepole na hufika mbali. Wawindaji nao walitaka nguvu hiyo katika bunduki iwezayo kufyatua mara nyingi kwa kusukuma wenzo ulio chini ya kifyatulio. Winchester ya mwaka 1876 haikuweza kuimeza risasi ndefu kiasi hicho. Marlin ya mwaka 1881 iliweza, na mwaka 1886 ikatoka Winchester iliyobuniwa na John Browning, yenye mitambo imara zaidi.

Hapa ndipo umbo la silaha linapoitawala lugha. Magazini ya bunduki hizi ni bomba refu lililolala chini ya mtutu, na risasi hupangwa humo moja nyuma ya nyingine, ncha ya hii ikigusa fataki ya ile. Ncha iliyochongoka yaweza kuipiga fataki ya jirani bunduki inaporuka mkononi. Ndiyo maana vitabu husisitiza popoo lenye ncha bapa. Tumeona tafsiri zilizoandika “ncha butu”, na tunazikataa: kisu butu hakina makali, lakini ncha ya mviringo pia yaweza kuitwa butu, na si kila ncha ya mviringo iliyo salama ndani ya bomba. Neno ni bapa.

Mwaka 1884 John Barlow alianzisha huko Connecticut kampuni iitwayo Ideal, ikauza koleo na kalibu za kumwezesha mtu kuyeyusha risasi, kulimimina popoo lake na kulijaza ganda upya mezani kwake. Kazi hiyo twapendekeza iitwe kushindilia kwa mkono, maana kitenzi kipo tangu siku za gobori. Mshindiliaji atakaye popoo zito anabanwa na mambo mawili. Urefu wa risasi nzima hauwezi kuzidi nafasi ya mitambo ya bunduki. Basi popoo refu huzama ndani ya ganda, hupunguza nafasi ya baruti na kuongeza kani. Tena bunduki hazilingani nguvu. Kwa ajili ya Springfield za zamani, kiwango cha kani ya risasi hii kiwandani Marekani ni ratili 28,000 kwa inchi ya mraba. Marlin iliyoanza kutengenezwa mwaka 1972 huvumilia zaidi ya hapo. Kwa hiyo majedwali hugawanywa kwa aina za bunduki. Mfasiri akiacha kichwa cha jedwali kwa kuona ni pambo, ameacha neno muhimu kuliko yote katika ukurasa.

Kuhusu vipimo, namba 405 na 70 si gramu. Ni greni, kipimo cha zamani cha Waingereza: greni 7,000 hufanya ratili moja, na gramu moja ni greni 15.43. Popoo la greni 405 lina gramu 26 na kitu. Masonara wetu wangesema tola mbili na robo barabara, kwa kuwa tola ni greni 180. Kosa la kuandika “gramu 405” hucheka lenyewe. Lililo baya ni kosa la upole. Mtu abadilishaye greni 50 za baruti hupata gramu 3.24, akiona namba haipendezi akaandika 3.5, amekwisha kuongeza greni nne, na ganda halina adabu ya kusubiri masahihisho. Tena kifupisho “gr”, ambacho wengi wetu hukitumia kwa gramu, huko ni greni. Rai yetu ni kuandika neno zima kila mara, na kuacha namba za asili kama zilivyo.

Silaha ya jamii hii ilifika kwetu kwa kishindo Aprili 1909, aliposhuka Mombasa Theodore Roosevelt, ambaye wachukuzi walimwita Bwana Mkubwa. Alikuwa na Winchester ya wenzo ya mwaka 1895, yenye magazini ya kisanduku, na aliisifu sana kwa simba. Popoo lake lilikuwa la greni 300 tu kwa upana wa inchi 0.411. Ukigawanya uzito kwa ratili juu ya upana uliozidishwa kwa wenyewe, wapata 0.254, popoo la greni 500 la mtutu wa 0.458 lapata 0.341. Hesabu hii, ambayo twaiita uzito wa mkato, hueleza kwa nini wawindaji wa baadaye waliilaumu bunduki hiyo mbele ya wanyama wa ngozi nene.

Linabaki la madini. Jimbo la California lilipitisha sheria mwaka 2013, ikatimia Julai 2019, ya kukataza madini ya risasi katika uwindaji, kwa kuwa hudhuru ndege walao mizoga. Mapopoo ya shaba tupu yakashika nafasi; na kwa kuwa shaba ni nyepesi kuliko risasi, popoo la uzito uleule huwa refu zaidi, na tatizo la nafasi ndani ya ganda hurudi. Mfasiri atasemaje habari hii? “Risasi isiyo na risasi” ni kitendawili. Tunaona yafaa risasi ibaki kuwa jina la kitu kizima, kama polisi na raia wasemavyo. Ganda libaki ganda na fataki fataki. Madini yaitwe madini ya risasi kila yanapotajwa. Na kirukacho kirudishiwe jina lake la popoo. Hapo sentensi yaandikika bila taabu: risasi yenye popoo la shaba.