Mafundi wa Sebuleni Walianza Zamani, Sio Insta

Ukiona mtu anaposti kila wiki "kabati langu limefikia hapa", unadhani ni mambo ya juzi? Wapi! Mwaka 1895 huko Uingereza lilianza jarida la kila wiki, Hobbies, lililokuwa likigawa michoro ya bure. Unabandika mchoro kwenye ubao mwembamba, unakata nakshi kwa msumeno mwembamba kama uzi. Mkono ukiteleza tu, kazi yote imeharibika. Watu wasio mafundi wakanogewa, wakawa wanatengeneza fremu za picha na rafu jioni baada ya kazi.

Ila cha bure ghali. Wenye jarida walikuwa na kiwanda mjini Dereham, wakiuza misumeno ya kukanyaga kwa mguu kama cherehani. Mchoro bure, msumeno hela. Anayekufundisha bure leo, anakuuzia nini?