Beki Aliyefunga Goli la Ubingwa, Akaenda Kuvua Samaki, Akapotea Miaka 11

Usiku wa Aprili 21, 1951, jijini Toronto, kijana wa miaka 24 alifunga goli moja na kuwa shujaa wa mji mzima. Miezi minne baadaye akapotea. Hakuna mwili, hakuna mabaki ya ndege, hakuna barua. Kilichobaki ni stori tu, na mashabiki hawakuwa wavivu wa kuzitunga.

Jina lake Bill Barilko, beki wa Toronto Maple Leafs, timu ya hoki ya barafuni. Huku kwetu mchezo huo haufuatiliwi sana, ila kule Kanada hoki ndiyo kila kitu. Chukua ushabiki wa Simba na Yanga, uweke kwenye baridi kali, utakuwa umeelewa.

Barilko hakuwa mtoto wa kishua. Alizaliwa mwaka 1927 Timmins, mji wa wachimba dhahabu kaskazini mwa jimbo la Ontario, kwa wazazi wahamiaji kutoka Ulaya Mashariki. Alikuwa anacheza timu ndogo ya Hollywood, Marekani, Leafs walipomwita mwaka 1947. Hakuwa fundi wa kufunga. Sifa yake ilikuwa vikumbo: ukipita upande wake na kisahani, unajikuta umelala kwenye barafu. Ndiyo maana wakamwita Bashin' Bill. Ndani ya misimu mitano akabeba Kombe la Stanley mara nne: 1947, 1948, 1949 na 1951.

Hiyo fainali ya 1951 dhidi ya Montreal Canadiens ilikuwa balaa. Mechi zote tano ziliingia muda wa nyongeza. Kwenye ya tano Leafs walikuwa nyuma 2-1, wakasawazisha zikiwa zimebaki sekunde 32. Muda wa nyongeza hata dakika tatu haujafika, Barilko akaacha nafasi yake ya ulinzi, akachomoka mbele na kupiga huku anaanguka. Goli! Kwenye hoki, goli la kwanza la muda wa nyongeza linamaliza mechi hapohapo. Kuna picha maarufu ya tukio hilo: beki yuko hewani, golikipa yuko chini, kisahani kiko nyavuni.

Likizo ikafika. Ijumaa ya Agosti 24, Barilko akapanda ndege ndogo ya kutua majini pamoja na daktari wa meno wa hapohapo Timmins, ambaye ndiye alikuwa rubani. Safari ilikuwa ya kuvua samaki kaskazini, upande wa Ghuba ya James. Simulizi za familia zinasema mama yake hakutaka kabisa asafiri siku ile, kwa sababu baba yake Bill naye alifariki siku ya Ijumaa. Kijana akaondoka. Jumapili, Agosti 26, wakiwa njiani kurudi, walisimama Rupert House, wakaruka tena. Baada ya hapo kimya.

Jeshi la Anga la Kanada likaingia kazini, na msako ukawa mmoja wa mikubwa kuwahi kufanyika nchini humo hadi wakati huo. Klabu ikatangaza zawadi ya dola 10,000 kwa atakayempata. Lakini msitu wa kule ni miti na mabwawa mpaka macho yachoke. Hawakuona kitu.

Hapo ndipo midomo ilipofunguka.

Stori ya kwanza: magendo ya dhahabu. Eti ile safari ya samaki ilikuwa geresha, ndege ilibeba dhahabu ya wizi, na wawili hao wametokomea na utajiri wao. Stori hii ilipata wateja kwa sababu wizi wa dhahabu migodini Timmins ulikuwa kitu cha kweli, kila mtu mjini anaujua.

Ya pili ilikuwa kali zaidi: Barilko yuko Urusi, anawafundisha Wasovieti hoki. Ilikuwa miaka ya Vita Baridi, na wazazi wake walitoka Ulaya Mashariki. Kwa wambea, hiyo ilitosha. Halafu mwaka 1954, kule Stockholm, Umoja wa Kisovieti ukashiriki mashindano ya dunia kwa mara ya kwanza na kuichapa Kanada 7-2. Kwa mtu aliyeshaamua kuamini, ushahidi gani tena anautaka? Kumbe Wasovieti walikuwa na makocha wao, kina Arkady Chernyshev na Anatoly Tarasov, na walikuwa wameanza miaka mingi nyuma na mchezo wao wa barafuni unaotumia mpira mdogo. Hawakuhitaji beki wa kuibiwa.

Ya tatu ilikuwa ya laana. Misimu ikapita, Leafs hawapati kombe. Watu wakasema hawatalipata mpaka Barilko apatikane.

Ukiziangalia vizuri, stori hizo zina kitu kimoja: kwenye zile mbili za kwanza, Bill yuko hai. Amekuwa mwizi au msaliti wa nchi, sawa, lakini anapumua. Mashabiki walikuwa tayari kumchafua jina kuliko kukubali kwamba shujaa wao, kwenye kilele cha maisha yake, amekufa kwa ajali ya kawaida. Ukweli wa namna hiyo hauna utamu. Mtu aliyefunga goli la aina ile anatakiwa awe na mwisho unaofanana nalo.

Ila pale Timmins kulikuwa na mama. Kwa mashabiki, kila uvumi mpya ulikuwa stori ya kijiweni. Kwake ulikuwa swali: je, kama ni kweli? Mwanamke ambaye hana kaburi la mwanawe hawezi kumaliza msiba, na hawezi kuamini pia. Uvumi wa Urusi ulimpa tumaini na tusi kwa pamoja: mwanao yupo, ila amekutupa. Akaishi hivyo karibu miaka 11.

Aprili 22, 1962, Leafs wakaifunga Chicago na kubeba kombe, la kwanza tangu lile goli. Juni 6 mwaka huohuo, rubani wa helikopta aliyekuwa akipita juu ya msitu, takribani kilomita 100 kaskazini mwa mji wa Cochrane, akaona kitu kinang'aa kati ya miti. Ilikuwa ndege. Mifupa ya watu wawili ilikuwa bado ndani yake.

Mpaka leo wengi wanasimulia kwamba Barilko alipatikana, ndipo laana ikavunjika. Tarehe zinakataa: kombe lilitangulia kwa wiki sita. Na kama tatizo lilikuwa laana, Leafs hawajachukua kombe lolote tangu 1967, na safari hii hakuna beki aliyepotea.

Dhahabu haikuwepo, wala Moscow. Maelezo yaliyobaki ni ya kawaida kabisa: rubani asiye na uzoefu mkubwa, hali mbaya ya hewa, ndege yenye mzigo mwingi, na njia iliyopotezwa kwa makumi ya kilomita.

Mwaka 1992 bendi ya The Tragically Hip ikatoa wimbo kuhusu kisa hiki, na vijana ambao hata hawakuwa wamezaliwa mwaka 1951 wakalijua jina la Barilko. Mwaka huohuo klabu ikaistaafisha rasmi jezi namba 5. Hakuna mchezaji mwingine wa Leafs atakayeivaa.

Bill mwenyewe alizikwa Timmins. Miaka yote ile watu walipokuwa wanamtafuta Urusi, alikuwa msituni, kwenye safari ya kurudi kwa mama yake.