Siku ya Pili na Jumapili: Hesabu ya Siku katika Masimulizi ya Lubumbashi

Kiswahili cha pwani huanza kuhesabu siku baada ya Ijumaa: Jumamosi ni ya kwanza, Jumapili ya pili, hata kufikia Jumatano. Kiswahili cha Lubumbashi huhesabu siku za kazi. Siku ya kwanza ni Jumatatu na ya tano ni Ijumaa. Kisha huja siku ya mposho, yaani Jumamosi, jina lililotokana na posho waliyogawiwa wafanyakazi. Kwa hiyo "pili" ya pwani si "pili" ya Katanga. Tofauti hii yaweza kuonekana ndogo, lakini humtatiza mwanahistoria atafutaye tarehe katika masimulizi ya wazee.

Mwaka wa kawaida una siku 365, sawa na majuma 52 na siku moja. Ndiyo sababu tarehe ileile husogea mbele siku moja kila mwaka, na siku mbili iwapo 29 Februari imepita katikati. Msimulizi akikumbuka siku na tarehe lakini amesahau mwaka, miaka inayowezekana huwa michache.

Tarehe 9 Desemba 1941, mjini Élisabethville, kama Lubumbashi ilivyoitwa hadi 1966, askari waliwapiga risasi wafanyakazi wa Union Minière waliogoma wakidai nyongeza ya mshahara. Miongoni mwa waliouawa alikuwamo Léonard Mpoyi. Ilikuwa Jumanne, yaani siku ya pili. Kuanzia 1930 hadi 1947 tarehe hiyo iliangukia Jumanne mara tatu tu: 1930, 1941 na 1947. Msimulizi akiongeza kwamba vita vilikuwa vikiendelea Ulaya, mwaka umekwisha kujulikana.

Sasa mwandishi aliyezoea Kiswahili sanifu aandike "Jumapili" mahali pa "siku ya pili". Tarehe 9 Desemba ilikuwa Jumapili mwaka 1934 na 1945; 1941 haimo. Ama shahidi ataonekana amekosea, ama mgomo utahamishiwa 1945, baada ya vita, na kutengwa na chanzo chake: madai ya shaba ya vita na bei za vitu zilizopanda kuliko mishahara.

Hapana budi basi maneno ya msimulizi yanakiliwe kama yalivyotamkwa, na tafsiri iwekwe pembeni. Anayesema "mardi", kama wasemavyo wengi mjini humo, hamsumbui mtu.